Mfalme wa Madubwana Kwenye Barieri

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita, 2013. Rubaya.

Mvua ya jana ni baraka kwangu. Imeharibu kitabu cha Papa Eugène!

Nieleze kwa utaratibu, maana siku moja shajara hii itasomwa na wanafunzi. Mimi ni Archange, mchoraji wa vibao. Vibao vya saluni, vya famasi, vya wanunuzi wa madini ya koltani vyenye picha ya mizani: karibu kila kibao kinachosomeka Rubaya ni changu. Kile cha kinyozi ambacho kichwa cha mteja ni kikubwa kuliko kiti, nacho ni changu, lakini pale ubao ndio uliokuwa mdogo. Ninaandika Kiswahili bora, kile alichotufundisha Sista shuleni, si kile cha sokoni.

Kila Jumapili baada ya misa tunakutana nyuma ya duka la Papa Eugène, Mnande wa Butembo anayeuza misumari na mabati. Hapo tunacheza Pango. Si mpira, si karata. Papa Eugène anasimulia: mko mbele ya pango, ndani kuna dubwana. Kila mmoja wetu ana mtu wake wa kubuni, mpiganaji ao mganga ao mwizi. Unasema mtu wako anafanya nini, kisha unatupa dadu yenye pande ishirini. Dadu inaamua kama unaishi. Sheria zote zimo katika kitabu cha Kifaransa alichopewa na padri mmoja alipokuwa akifundisha seminari ndogo, zamani sana. Na ndani yake mna picha.

Ao mlikuwa na picha. Paa la muuza mabati linavuja! Kitabu kimekuwa uji.

Jana Papa Eugène alitangaza kwamba hatutalia. Tutaandika kitabu chetu wenyewe, kwa mkono, kwa Kiswahili, tukipeleke Bihambwe, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita. Alisema watu wale wanakaa mchana kutwa bila shamba la kulima, na mtu asiye na shamba anahitaji angalau pango. Kitabu kitakuwa na picha ishirini. Akauliza nani atachora.

Sikuinua mkono. Nilisimama.

Papa Eugène akasema sawa, na Kétsia naye achore. Kétsia! Anatoka Buleusa, kule Walikale, alitembea siku nne msituni na mama yake mpaka kufika hapa. Anafua mashuka kwenye kituo cha afya. Anachora katika daftari la shule. Kwa biki! Kila mmoja alete picha moja ya dubwana. Jumapili tutakwenda Bihambwe, watu wa kambi wachague wenyewe.

Namhurumia dada yule. Mwanzo wake ni mgumu, na sasa amekutana na mimi.

Jumanne, tarehe 4.

Noël dereva amerudi kutoka Goma. Kamiyo yake imebeba saruji, sukari, na kitabu! Alikipata kwa mzungu mmoja wa shirika anayehama. Mzungu alimwambia achukue vinavyobaki. Noël alidhani ni kitabu cha mashetani, akawa anatafuta kiberiti. Nikamwokoa. Nilimaanisha kitabu.

Ni mchezo wa namna ya Pango, ila umechapishwa juzi juzi. Nimekaa nacho toka saa nne, nimesahau kula. Maisha yangu yamegawanyika mara mbili: kabla ya leo na baada ya leo.

Katika kitabu cha zamani kila picha ni wino mweusi. Watu wembamba wenye magoti makubwa. Mashujaa wamevaa viraka, wamebeba kamba, sufuria, vijinga vya moto, kuku ndani ya kapu. Na wanaogopa! Joka lenyewe lina kitambi, linafanana na mbuzi aliyevimba. Miaka yote nilidhani ndivyo inavyochorwa.

Katika kitabu kipya kila kitu kinang'aa kama kimepakwa mawese. Rangi! Mashujaa wana misuli mpaka kwenye masikio. Suruali moja ina mikanda saba. Upanga ni mkubwa kuliko mlango wa duka. Wanawake wanapigana kwenye theluji tumbo wazi na hawakohoi. Hakuna aliyebeba kitu. Hakuna anayeogopa. Na kila sura ni ya mtu kabisa: unaona jasho, unaona vinyweleo, unaweza kumsalimia ukamuuliza habari za nyumbani.

Hii njo sanaa! (Nimeandika "njo" badala ya "ndiyo" kwa furaha. Sista anisamehe.) Dunia imebadilika, sisi tumebaki tumejificha kwenye magoti makubwa.

Nimechukua hatua mbili. Ya kwanza: kitabu kiko chini ya godoro langu, na Noël nimemwambia ni cha mashetani kweli, asikitaje. Ya pili ni ya akili zaidi. Nilimpitia Kétsia kwenye kamba za mashuka nikamwambia, kwa sauti ya kaka mwema, kwamba Papa Eugène hapendi hata kidogo dubwana lionekane. Lifichwe. Mzee ana moyo dhaifu. Kétsia alifikiri kidogo, akasema asante kaka Archange.

Picha ya dubwana isiyo na dubwana! Nilijizuia kucheka mpaka nilipofika sokoni.

Jumatano, tarehe 5.

Nimehitaji mwili. Nimemchukua Viateur. Anachimba koltani na anashusha magunia mlimani kwa mgongo, mwili anao. Pia ni mwenzetu wa Pango. Mpiganaji wake amekufa mara kumi na moja, kila mara kwa sababu ya kutangulia mbele ya wenzake.

Nilimsimamisha uani bila shati, bati la Papa Eugène mkononi kama ngao, beleshi kama upanga. Nikamwambia akasirike. Akasema hawezi kukasirika kabla ya kula. Nikampa bugali na maharagi. Baada ya kula akasinzia, amesimama vile vile, na misuli yote ikalegea. Nilikuwa nimemaliza mkono wa kushoto tu. Wa kuume nimeunakili kutoka ule wa kushoto. Shujaa wangu ana mikono miwili ya kushoto. Kwa mbali haionekani.

Ninachora juu ya shitingi nyeupe, ile plastiki ya mashirika, mita tatu kwa mbili. Kétsia ana daftari. Tutaona nani ataonekana na mtu aliye nyuma ya umati.

Alipoamka, Viateur alitazama kazi. Akaniuliza: "Huyu muntu wa nguvu hivi, nani njo anamubebeaka sufuria?" Hana elimu ya sanaa.

Alhamisi, tarehe 6.

Risasi upande wa mlima toka alfajiri. Watu wamefunga milango. Usumbufu mkubwa! Rangi ya mafuta ndani ya chumba kilichofungwa inapanda kichwani, nikaanza kuona madubwana bila kuyatafuta. Saa sita pakatulia, nikatoa shitingi uani.

Leo ni siku ya nyuso. Kwa shujaa nimepata wazo ambalo hata mimi limenishangaza. Watu wa kambi watachagua, lakini wakiwa na shaka watamtazama nani? Papa Eugène. Basi juu ya mwili wa Viateur nimeweka kichwa cha Papa Eugène! Upara, miwani, ndevu nyeupe chache, mpaka lile sikio la kushoto lenye pengo. Hakuna mwanamume wa miaka sitini na miwili anayekataa kupewa misuli.

Kisha Mfalme wa Madubwana. Pembe nne, mkia, moto puani. Sura yake haikunisumbua hata kidogo, ilikuja yenyewe: kovu shavuni kama herufi Y, jino la dhahabu, jicho moja dogo kuliko jingine, kofia ya sufu ya kijani katikati ya pembe. Sijui niliiona wapi. Msanii wa kweli hatafuti sura, anapewa.

Shujaa amemkanyaga kifuani, upanga uko kooni. Nilitazama mpaka machozi yakanitoka. Nusu ni rangi ya mafuta, nusu ni fahari.

Jumamosi, tarehe 8.

Nilikuwa na mpango wa kuichungulia picha ya Kétsia kupitia dirisha la jikoni la kituo cha afya. Haikulazimu. Aliniita mwenyewe akanionyesha.

Kurasa mbili za daftari zimeunganishwa kwa gundi ya bugali. Biki tu. Msitu. Watu sita wanavuka mto juu ya gogo. Msichana ametangulia na kamba. Mama mmoja ana sufuria kichwani, mzee amekumbatia kuku. Wote wamegeuza shingo kutazama nyuma. Na dubwana? Hakuna! Vidole vitatu tu, vimeshika mti, na mti ni mnene.

Magoti makubwa, kama kitabu cha zamani. Nilimsifu kwa uangalifu. Nikamuuliza kwa nini watu wake wanaogopa, wakati siku hizi hakuna anayeogopa kwenye picha. Akasema mto ule aliuvuka, na wote waliogopa, na wote walivuka. Kisha akauliza kama vidole vitatu si vingi kwa moyo wa Papa Eugène. Nikasema hata viwili vingetosha. Ni tabia yangu kusaidia.

Vidole vile vilinirudia nilipokuwa nakula sombe. Bado ni ile rangi ya mafuta.

Jumatatu, tarehe 10. Barieri, kabla ya Bihambwe.

Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya debe. Daftari hili lilikuwa ndani ya ndoo ya brashi, chini ya vitambaa, na hakuna aliyelitafuta.

Jana tuliondoka vizuri. Noël kwenye usukani, Papa Eugène kando yake. Mimi, Kétsia na Viateur nyuma, juu ya magunia ya maharagi ya kambi. Barieri hii ni gogo juu ya mawe mawili na vijana wenye bunduki. Siku zote Noël anawapa sigara, tunapita. Jana waliuliza kile kilichokunjwa ni nini. Papa Eugène akajibu ni shitingi. Mambo yangeishia hapo.

Nikasema si shitingi, ni sanaa.

Niliifungua mwenyewe. Nikaomba vijana wawili washike ncha ili wenzao waone. Mwanzoni walifurahi. Mmoja alipiga mluzi kwa sababu ya mikono. Kisha mwingine akaacha kucheka. Akamkaribia Mfalme wa Madubwana, akamtazama, akatoka mbio. Akarudi na komanda wao.

Kovu kama herufi Y. Jino la dhahabu. Jicho moja dogo. Kofia ya sufu ya kijani.

Papo hapo nikakumbuka niliiona wapi. Hapa hapa, mwezi wa nne, aliponinyang'anya redio.

Komanda alitazama sana. Noël alizima injini, sijui kwa nini, labda kwa heshima. "Ule wa mapembe," komanda akauliza polepole, "njo mimi?" Kisha akamtazama shujaa. Upara, miwani, sikio lenye pengo. Akageuka kutazama ndani ya kamiyo. Upara, miwani, sikio lenye pengo. "Na huyu muzee njo ananikanyaga?"

Walimteremsha Papa Eugène. Walimvua viatu, wakamkalisha kwenye matope, mtutu wa bunduki shingoni. Mtu ambaye misumari iliyopinda anainyoosha mwenyewe na kumwongezea mteja. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena, kana kwamba anataka kuona vizuri yatakayofuata.

Nilichukua uongozi. Nikaeleza kwamba komanda ameisoma picha vibaya: pembe ni alama ya heshima, na hakanyagwi, anakandwa kifua. Kijana mmoja alinipiga kitako cha bunduki mgongoni. Nikaongeza kwamba huko Ulaya mashujaa wote sasa wanachorwa hivi. Akanipiga tena, mahali pale pale.

Komanda akasema mzee apelekwe nyuma ya kilima. Alisema kama mtu anayeagiza maji ya kunawa.

Hapo Kétsia akashuka. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amelikumbatia daftari lake kwa mikono miwili. Akaenda akakaa kwenye nyasi mbele ya komanda, kama mtu aliyetembelea jirani. "Papa Komanda," akasema, "ule haiko weye. Iko muchezo tu. Ikala, nikuonyeshe." Akafungua picha yake chini, akaweka dadu juu yake.

Komanda hakukaa, lakini aliinama. Akawatazama wale watu sita juu ya gogo, mmoja mmoja. Akatazama vidole. Akauliza dubwana iko wapi. Kétsia akasema hakuna anayejua, ndiyo maana wanakimbia.

Komanda akakaa.

"Uko mu pori," Kétsia akamwambia. "Mvua inanyesha. Uko na kamba moja na mihogo mbili. Mbele yako iko pango, na ndani iko mali ya mufalme. Nyuma iko njia ya kwenu. Unafanya nini?"

Nilimnong'oneza komanda aingie pangoni. Kila mtu anaingia pangoni, mchezo unaitwa Pango! Vijana wake nao wakamwambia ingia, komanda, iko mali. Yeye alizungusha dadu kiganjani.

"Narudia kwetu," akasema.

Kétsia akamwambia njia ile ina dubwana, atupe dadu. Kumi na saba! Akapita. Akatupa tena, akavuka mto. Akakutana na yule mzee wa kuku, akampa muhogo mmoja. Walicheza mpaka saa kumi. Hakupigana hata mara moja! Akafika kijijini kwake, na Kétsia akamuuliza nani amesimama mlangoni. Komanda akasema mama yangu. Kisha akavuta kofia yake ya kijani mpaka juu ya macho, akakaa hivyo, na vijana wake wakatazama pembeni.

Sijawahi kuona mchezaji dhaifu namna ile. Bunduki arobaini, mali iko mbele, na anarudi nyumbani! Nilijizuia kusema.

Aliposimama, aliagiza mzee arudishiwe viatu. Magunia mawili ya maharagi akayabakiza kwake. Wengine waende Bihambwe. Halafu akanielekezea kidole: "Fundi wa mapembe anabakia."

Bila shaka ameona kipaji.

Papa Eugène alisimama mbele yangu kabla ya kupanda kamiyo, matope mpaka magotini. Nilidhani atanishukuru kwa misuli. Akasema: "Archange, ulinichora vizuri sana." Lakini hakusema kama mtu anayesifu. Nitalifikiria nikipata nafasi.

Jumatano, tarehe 12. Barieri.

Kazi nyingi! Kila kijana anataka misuli. Nimechora tisa, juu ya vipande vya mbao na vifuniko vya masanduku. Mmoja mwenye miguu kama mabua ya mtama nimempa mapaja ya ng'ombe wa Masisi; amekuwa akitembea kwa madaha toka asubuhi. Wananilisha viazi na jibini. Sijawahi kuwa na wateja wanaotii hivi.

Komanda peke yake hataki misuli. Kwenye shitingi nilizifunika pembe kwa kofia ndefu, akawa kama askofu mwenye hasira. Akaikunja akaitupa nyuma ya hema. Leo aliniita kando, akazungumza chini chini ili vijana wasisikie. "Unitengenezee ingine," akasema. "Sawa vile ule dada anatengenezaka. Mama akiangalia, anijue." Mama yake yuko upande wa Walikale. Hajamwona miaka saba. Anataka kumpelekea picha.

Nilichora mara nne. Ya kwanza, akapata shingo ya fahali. Ya pili nilijizuia kwenye shingo, mkono ukaponyoka kiunoni, akapata mikanda mitano. Ya tatu akang'aa. Ya nne nilijaribu kumchora anaogopa, kwa sababu ukimtazama kwa karibu ndivyo alivyo. Nikashindwa. Sijui woga unaanzia wapi usoni. Niliacha mdomo wazi. Anaonekana kama anaimba kwenye kwaya.

Aliitazama ile ya nne, akanirudishia. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Akasema kesho nirudi kwetu.

Nimetafuta sababu, nimeipata. Ni brashi. Brashi za vibao hazina unywele mdogo wa kutosha.

Jumamosi, tarehe 15. Rubaya.

Nimerudi toka juzi. Hakuna aliyekuja kunipokea ila Viateur, naye alikuwa anapita tu na gunia mgongoni.

Akanisimulia ya Bihambwe. Picha ya Kétsia waliibandika kwenye mlango wa jiko la kambi. Watu walipanga mstari. Mama mmoja aliweka kidole juu ya yule mwenye sufuria akasema, "Huyu njo mimi." Mzee mmoja alitazama vile vidole kwenye mti, akasema anavijua, akaenda kukaa chini. Kisha wote wakauliza mchezo unachezwaje. Wamecheza kila siku juma zima. Picha zote ishirini za kitabu atachora Kétsia.

Mama Kavuo, mke wa Papa Eugène, alinipa chai bila sukari. Kabla sijamaliza akakumbuka jambo, akaninyang'anya kikombe.

Nilikata tamaa kwa muda wa dakika kumi hivi. Ndipo Noël akaja na habari. Yule mzungu wa Goma hajaondoka bado, ndege yake imeahirishwa, na Noël akamsimulia yaliyotupata. Mzungu akasema ni ajabu, kwa sababu huko kwao nako watu wamechoka na misuli. Vitabu vipya kabisa vimerudi kwenye wino. Watu wembamba, magoti, kamba, hofu. Mtindo umegeuka tena!

Nilikaa chini. Maana yake ni kwamba Kétsia ni mpya kuliko mpya. Na nani alimwambia alifiche dubwana? Mimi! Nikaenda mbio kwenye kamba za mashuka kumkumbusha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akikung'uta shuka. Akasema alijua siku ile ile kwamba namdanganya, kwa kuwa Papa Eugène alikuwa ameketi nyuma ya shuka la pili, akingojea sindano yake ya mgongo, na alisikia yote. Walicheka wote wawili nilipoondoka. "Lakini wazo lilikuwa muzuri, kaka," akasema. "Njo maana nililitumikisha."

Wazo lilikuwa zuri. Amekiri kwa kinywa chake. Maneno mengine sikuyashika vizuri, upepo ulikuwa mwingi.

Jumapili, tarehe 16.

Papa Eugène ni mtu wa Mungu. Leo baada ya mchezo aliniita, akanikalisha, akasema mtu hafukuzwi mezani. Akanipa ukurasa mmoja wa kitabu. Ramani! Ramani ya nchi ya mchezo: mlima mmoja, mto mmoja, pango moja. Vitu vya kubuni tu, akasema. Akarudia: vya kubuni. Alipofika mlangoni akarudi akasema tena.

Nimefikiri mchana kutwa, na sikubaliani naye. Kubuni ni uvivu. Watu wa Bihambwe walipenda nini? Walipenda kujitambua. Hilo ndilo somo la majuma haya mawili, nami nimelishika barabara.

Basi nimechora nchi yetu yenyewe, toka Rubaya mpaka Bihambwe. Kila kilima, kila njia ya mguu, kila daraja la miti. Na kwa kuwa nilikaa siku tano pale barieri na macho yangu hayalali, nimeweka pia hema la komanda, mahali bunduki kubwa ilipofunikwa kwa majani ya migomba, njia ya kupita nyuma bila kuonekana, na saa ambazo walinzi wanapokezana. Kwenye kila mahali pa hatari nimechora fuvu dogo jekundu, wachezaji wasisimke. Wino mtupu. Hakuna hata msuli mmoja. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kesho ninaipeleka kambini mwenyewe, kwa miguu. Nilitaka kuikunja ndani ya soksi ili wale vijana wasiione njiani. Lakini kwa nini nijifiche? Tumezoeana. Nitaifungua pale pale barieri, wawe wa kwanza kunipongeza.